Upande wa Msikiti

Aliyetaka kujua kwa nini timu ya Nyundo haishindi hakuwa na haja ya kumtafuta kocha. Angefika tu uwanja wa Chuo cha Ufundi Mashimoni, kule Mtoni, siku yoyote ya mazoezi, akae kwenye matofali karibu na Mzee Romani. Angeambiwa yote mpaka aombe ruhusa ya kuondoka.

Mzee Romani alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala, na kazi yake alikuja nayo uwanjani. Mkono ulisugua mpingo kwa msasa, macho yalifuata mpira. Mwanaasha, aliyeuza juisi ya ukwaju kwa ndoo pale pembeni, alisema ndiyo sababu vinyago vyake vyote vina pua za kupinda.

"Nyundo ilikufa siku walipobadilisha jezi," Mzee alisema. "Nyekundu ilikuwa inatisha. Timu ikiingia, wageni wanatetemeka. Sasa tazama, njano! Kama vifaranga vimetoka kwenye boksi."

"Jezi ndiyo inacheza?" Mwanaasha alimjibu. "Nyundo ilikufa walipoacha pilau kabla ya mechi. Enzi zile walikuwaga wanakula pilau la nyama, wanateremshia na ukwaju wangu. Leo mtoto wa watu ana uji mweupe tumboni, unamwambia akimbie. Akimbie na nini?"

"Wewe unataka kuuza ukwaju tu."

"Na wewe unataka kuuza jezi nyekundu?"

Watu wakacheka. Kisha Mzee Romani akageuka, kama alivyogeuka kila siku, akamtazama msichana aliyesimama karibu na bomba la maji, nyuma ya goli.

"Jesca, mwanangu. Na wewe unaonaje?"

Jesca akavuta kanga mpaka mdomoni, akainama, akatikisa kichwa. Wakacheka tena. Mzee hakumuuliza ili ajibu. Alimuuliza kama mtu anavyogonga mlango wa nyumba anayojua wenyewe wamesafiri.

"Shabiki asiyesema," Mzee alisema, "ni redio isiyo na betri."

Maoni Jesca alikuwa nayo, tena mengi kuliko ya hao wawili. Aliamini shida si jezi wala pilau. Shida ilikuwa fildi. Kila mwaka, kombe la vyuo likianza tu, wanafunzi wa mwaka wa tatu wanapelekwa kwenye mafunzo ya kazi, ambayo wenyewe wanayaita fildi. Namba tisa anapelekwa kiwanda cha saruji huko kusini, kiungo anapelekwa gereji ya Dodoma, na timu inabaki na watoto ambao hata hawajajua uwanja unainamia wapi. Wanajifunza. Wakishajua, wanapewa cheti, wanaondoka. Timu ya chuo haina wazee. Wanaozeeka ni mashabiki peke yao.

Naye alikuwa ameanza kuzeeka nayo. Aliacha shule darasa la tano, mama yake alipopooza upande mmoja na nyumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Wenzake wakapita asubuhi na sare za shule, yeye akapita na ndoo. Bomba la karibu lilikuwa hilo la nyuma ya goli. Aliweka ndoo, akafungulia maji, akatazama mpira, na mara nyingi ilibidi mtu ampigie kelele, "Binti, maji yanamwagika!" Mama yake alipofariki akachukuliwa na mama yake mdogo, Clara, nyumba ya tatu kutoka ukuta wa chuo. Hakurudi shule. Lakini bomba lilikuwa pale pale, na Nyundo ilikuwa pale pale, na hakuna aliyewahi kumuuliza yuko darasa la ngapi ili atazame mpira. Watu wengine waliposema darasa letu, kwaya yetu, kazini kwetu, yeye moyoni alisema Nyundo yetu. Hakuwa na yetu nyingine.

Baadaye Mwalimu Gibson, kocha, aliona jinsi anavyofua nguo za mama yake mdogo pale bombani, akamkabidhi jezi. Basi kila baada ya mechi zilikuja kwenye beseni lake, zote, na Jesca akazijua kama mtu anavyojua wanawe. Namba tatu alirudi na majani mgongoni, maana alikuwa anaanguka ovyo. Namba nane hakuchafuka, na Jesca alijua kwa nini, ingawa Mzee Romani alimsifia kila wiki.

Na jezi ya kipa. Jezi ya kipa ilichafuka upande wa kushoto tu. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimeliwa mpaka Jesca akakitia kiraka mara mbili. Kulia palikuwa safi kama nguo ya Jumapili.

Kipa alikuwa Kamugisha, Mhaya wa Muleba, mwanafunzi wa umeme. Alikuwa kipa mzuri hasa. Kwenye kona, kwenye mipira ya juu, alikuwa kama mtu anayechuma ndizi shambani kwao. Lakini mkwaju wa penalti ukipigwa, Kamugisha alianguka kushoto. Kila penalti. Watu hawakuona kwa sababu watu hutazama mpira, na kwa bahati yake wapigaji wengi walipiga huko huko, akadaka, akabebwa mabegani.

Mwaka huo Bwana Adelard, mkuu wa chuo, aliwaita wachezaji na kocha mbele ya ofisi. Alikuwa mtu mpole, hata habari mbaya aliitoa kwa upole. Akasema chuo kinahitaji karakana mpya ya magari, na eneo lililobaki ni moja tu, uwanja. Ameizuia wizara kwa muda mrefu kwa kuwa ana timu. Lakini timu yenyewe kila mwaka inatolewa hatua ya makundi. Mwaka huu wakifika hatua ya kanda, atakuwa na la kusema. Wasipofika, ujenzi unaanza na Nyundo inavunjwa.

Habari zilifika kwenye matofali kabla mkutano haujaisha. Siku hiyo Mzee Romani hakusugua kitu. Alikaa na kinyago mapajani kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa.

"Hawawezi," alisema. "Mie nimekuja hapa na nywele nyeusi."

"Wataweza tu," Mwanaasha alisema. "Nani atatuuliza sie?"

Hakuna aliyemgeukia Jesca kumuuliza anaonaje. Na siku hiyo, kama wangemuuliza, pengine angejibu.

Nyundo wakacheza kama watu wanaokimbia moto. Wakashinda mechi moja, wakatoka sare moja. Katika hiyo ya sare walipigiwa penalti, Kamugisha akaanguka kushoto, akadaka. Uwanja mzima ukalipuka. Jesca naye alikuwa anaruka kimoyomoyo pale bombani, mpaka alipowaona vijana wawili wageni waliosimama hatua chache mbele yake. Mmoja alikuwa amerekodi kwa simu. Hakushangilia. Alimwonyesha mwenzake, akarudisha video nyuma, akamwonyesha tena, akaegemeza mwili wake kushoto kwa kumwigiza kipa. Wote wawili wakacheka. Walipoondoka Jesca aliona fulana zao kwa nyuma. Walikuwa wa Kalamu, timu ya chuo cha biashara cha Tabata.

Mechi ya mwisho ya kundi ilikuwa na Kalamu.

Wiki nzima neno hilo lilimkaa Jesca kooni kama mwiba wa samaki. Amwambie nani? Mwalimu Gibson alikuwa mtu wa haraka, anaongea huku anatembea. Mzee Romani angelitangaza mpaka Kongowe. Wa kumwambia alikuwa Kamugisha mwenyewe, na Kamugisha kila Ijumaa alikuja peke yake kuchukua jezi. Akaamua Ijumaa.

Ijumaa akaja, mrefu, kandambili mguuni, anapiga mluzi.

"Habari za kazi, dada Jesca."

"Nzuri."

"Mama mdogo hajambo?"

"Hajambo."

Jesca alikuwa anazitoa jezi kwenye kamba, moja moja, anazikunja. Aliiacha ya kipa iwe ya mwisho. Kamugisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaacha mluzi.

"Kesho sare tu inatutosha," alisema. "Sare tu, dada. Silali. Mie fildi yangu imesogezwa mpaka mwezi wa saba, halafu ndiyo basi, nimemaliza. Lakini sitaki kuwa kipa wa mwisho wa Nyundo. Unanielewa? Mtu aulize, mlango wa Nyundo nani kaufunga, aambiwe Kamugisha."

Jesca akaishika jezi ya kipa. Kiraka kilikuwa pale, chini ya kidole chake. Ilikuwa kazi ya kumwonyesha tu. Tazama hapa, na tazama hapa. Wamekurekodi. Kesho usiende kushoto. Maneno yalikuwa machache, na alikuwa ameyapanga wiki nzima kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

"Kamugisha."

"Naam?"

Akamtazama. Macho ya mtu yakimtazama, Jesca alisikia masikio yakichemka, na maneno yakaondoka yote, hata la kwanza hakulijua tena.

"Zimekauka," alisema.

"Naona, dada."

"Zimekauka vizuri."

"Mungu akubariki," Kamugisha akasema, akatia jezi kwenye begi, akaondoka. Alipokata kona ya ukuta Jesca aliinamia beseni tupu, akaliambia kila kitu, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama.

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Uwanja ulikuwa umelowa, na mbele ya magoli palikuwa tope jekundu tupu. Kalamu walikuja na magari mawili ya mashabiki, na mavuvuzela, na wasichana waliopaka rangi mashavuni.

"Nyundo bila mpini!" wakaimba. "Nyundo bila mpini, itagonga nini?"

"Kalamu bila wino!" Mwanaasha akawajibu peke yake, na sauti yake iliwazidi wote. "Mmekuja kuandika nini hapa? Mtaandika na mate?"

Mzee Romani alikuwa amevaa jezi yake ya zamani, nyekundu, iliyofifia mpaka ikawa rangi ya nyanya mbovu. Bwana Adelard alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini. Jesca alisimama mahali pake, bombani.

Kipindi cha kwanza Kalamu wakafunga, shuti la chini lililopita upande wa kulia wa Kamugisha. Jesca akafumba macho. Watu wakasema bahati mbaya, utelezi. Nyundo wakarudi baada ya mapumziko kama wameambiwa baba yao anauawa, wakapata kona, na Benjamin, beki wao wa kati, akairukia kwa kichwa, ikaingia. Wakawa sare, moja kwa moja. Mzee Romani alimkumbatia mtu wa Kalamu bila kujua.

Baada ya hapo Nyundo hawakutaka kitu kingine zaidi ya muda kwenda. Walirudi wote nyuma, kwenye goli la bombani, mbele ya Jesca. Walipiga mpira nje, wakaupiga kwenye paa la bweni, wakauficha, wakalala chini wakishika miguu isiyouma.

"Refa, saa yako imekufa?" Mzee Romani alilia. "Refa! Tunazeeka!"

Refa alikuwa tayari anatazama saa pale namba tatu, yule wa kuanguka ovyo, alipoteleza kwenye tope na kumzoa namba kumi wa Kalamu miguu yote miwili. Ndani ya boksi. Hakuna aliyebisha. Hata Mwanaasha hakubisha.

Penalti.

Uwanja ukanyamaza. Kwenye mpira wa Mtoni hakunaga kunyamaza, lakini siku hiyo walinyamaza. Mavuvuzela yakashuka. Mzee Romani alipiga magoti kwenye matofali, kinyago kikiwa kifuani, akafanya ishara ya msalaba. Mwanaasha, aliyekuwa amesogea mpaka ubavuni mwa Jesca na ndoo yake, alikuwa anasoma dua midomo tu ikitembea. Namba kumi akauweka mpira kwenye tope, akaufuta, akauweka tena.

Jesca alikuwa nyuma ya goli, anaona mgongo wa Kamugisha na kile kiraka. Kushoto kwa kipa palikuwa na bomba. Kulia, mbali, nyuma ya ukuta, ulionekana mnara wa msikiti. Akawatazama Kalamu. Yule kijana wa simu alikuwa amesimama karibu na benchi lao, na kichwa chake kiliinama kidogo, mara moja, kuelekea upande wa msikiti. Namba kumi akaitikia kwa macho.

Uzito wa Kamugisha ulikuwa umeshaanza kuhamia mguu wa kushoto.

Jesca hakuamua kitu. Kama angeamua asingeweza. Kilichomtoka kilitoka chini kabisa, mahali maneno yote ya miaka yote yalipokuwa yamelundikana.

"Kamugisha! Upande wa msikiti! Atapiga upande wa msikiti!"

Ilikuwa sauti nene, iliyopasuka katikati. Katika ule ukimya ilivuka uwanja mzima, ikagonga ukuta wa bweni, ikarudi. Hata yeye alishtuka akatazama pembeni, kama watu wengine, kuona nani kasema.

Na namba kumi akainua uso. Akautazama mnara wa msikiti. Akamtazama kipa. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Hapo ndipo Jesca alipoelewa. Akafungua mdomo tena, alitaka kusema hapana, rudi, kaa kushoto kama siku zote, na mara hii hakikutoka kitu.

Filimbi ikalia. Namba kumi hakupiga kwa nguvu. Aliusukuma tu mpira upande wa bomba, pole pole, mpira wa mtoto, mpira ambao kila penalti ya maisha yake Kamugisha angeulalia kifuani. Kamugisha alikuwa ameruka upande wa msikiti. Aliruka vizuri, mwili mzima umenyooka, mikono wazi, akaanguka kwenye tope la upande ambao hakuwahi kuuangukia. Mpira ukapita kwenye wavu uliotoboka, ukabingirika mpaka kwenye ndoo ya ukwaju, ukaipindua.

Hawakupata hata muda wa kuanzisha. Refa akamaliza.

Wasichana wa Kalamu waliingia uwanjani wakikimbia, na mmoja wao akapita karibu na goli akipiga kelele, "Asante dada uliyetuelekeza! Asanteni Mashimoni!" Bwana Adelard alisimama, akafuta kiti chake kwa leso kana kwamba anakirudisha kwa mwenyewe, akamwendea kocha. "Mwalimu, poleni sana," alisema kwa upole wake. "Mipira na jezi viwe stoo Jumatatu." Mwalimu Gibson, mtu wa haraka, mara hii hakutembea. Alisimama tu.

Mzee Romani ndiye aliyefika nyuma ya goli wa kwanza. Alikuwa analia, na wengine kama kumi nyuma yake.

"Mwanaasha!" akasema. "Mdomo wako! Miaka yote nakwambia mdomo wako utatuua! Umetuua!"

"Mie?" Mwanaasha alikuwa ameinama anainua ndoo. "Si mie, Mzee."

"Nani mwanamke mwingine hapa ana koo hilo? Nani? Sauti ya kike, nyuma ya goli, na aliyesimama nyuma ya goli ni wewe!"

"Nilikuwa nasoma dua. Wallahi nilikuwa nasoma dua."

"Dua gani inayotaja msikiti ulipo?" mtu akasema, na hakuna aliyecheka. "Kalamu wamekupa nini?"

Mwanaasha akaacha kuinua ndoo. Alikuwa amesimama ubavu kwa ubavu na Jesca. Sauti ile ilimpitia sikioni. Akamtazama Jesca mara moja, haraka, na Jesca aliona kwamba anajua. Kisha yule mwanamke ambaye hakuwahi kukosa jibu, aliyewahi kumjibu hata diwani, akafunga mdomo wake. Akawaacha wamtukane. Mama mzima, na ukwaju umemwagikia miguuni.

"Ni mie," Jesca alisema.

Hawakusikia. Sauti ilikuwa imerudi kule inakokaaga.

"Ni mie, Mzee. Mie ndiye niliyepiga kelele."

Mzee Romani akageuka. Alimtazama kwa macho yenye machozi, kisha uso wake ukalegea kwa huruma, na hiyo huruma ilimchoma Jesca kuliko tusi.

"Mwanangu," alisema, "usimbebee mtu mzima mzigo wake. Wewe sauti hiyo ungeitoa wapi? Mie nimekuuliza swali tangu hujavunja ungo, hujanijibu hata moja."

"Kweli ni mie."

"Nenda nyumbani, Jesca. Una roho nzuri. Nenda."

Akaondoka, na wengine wakaondoka naye, wakimtupia Mwanaasha maneno mpaka walipopita ukuta. Kinyago alikiacha kwenye tope, hakikuwa na pua bado. Mwanaasha alikiokota, akakifuta kwa kanga yake.

"Shangazi, nisamehe," Jesca alisema.

"Ulitaka kuokoa," Mwanaasha akajibu. Hakumtazama. "Ila mwaya, ungechagua siku nyingine ya kuanza kuongea." Akajitwisha ndoo tupu, akaenda zake kwa mlango wa nyuma.

Wachezaji walikuja kumwaga jezi kwenye beseni, mmoja mmoja. Kamugisha alikuja wa mwisho. Akavua jezi, akaishika mkononi, hakuitumbukiza.

"Nilikusikia," alisema.

Jesca akatazama chini.

"Wengine wanasema Mwanaasha. Mie sauti yako naijua, ndiyo hiyo unayosemeaga zimekauka. Nilijiambia, Jesca hajawahi kusema kitu. Akisema leo, basi kaona. Nikaruka."

"Wale wa Kalamu walikurekodi. Unaangukaga kushoto. Kila penalti, kushoto tu." Sasa maneno yalikuwa yanakuja, mepesi, yote, kwa mpangilio. "Wiki iliyopita walikurekodi, nikawaona. Walitaka kupiga kulia. Hata jezi yako inaonyesha, kiraka kiko kushoto."

Kamugisha akageuza jezi, akakitazama kiraka kama mtu anayeonyeshwa kovu mgongoni mwake.

"Umelijua kwa muda gani?"

"Wiki nzima."

"Jana nilikaa hapa." Alionyesha ile ndoo. "Nilikaa hapa, Jesca. Tulikuwa wawili."

"Nilitaka kukwambia."

"Mbona hukusema?"

Jibu lilikuwa moja, na wote wawili walikuwa wamelisikia jana: zimekauka. Kamugisha hakuwa na hasira, na Jesca angetoa chochote ili awe nayo. Akaiweka jezi juu ya nyingine, taratibu, akaondoka kifua wazi, na hakupiga mluzi.

Uwanja ukabaki mtupu. Upande wa pili fundi wa chuo alikuwa ameshafika na kamba na vigingi, anapima eneo la karakana, maana Jumatatu si mbali.

Jesca akafungulia bomba. Akaikata sabuni ya mche, akaanza na za nje, winga na viungo, akifikicha kola na kwapa kama kawaida, kana kwamba kuna mtu atakayezivaa. Namba tatu ilikuwa tope mgongo mzima. Namba nane ilikuwa safi. Alizisuuza, akazikamua, akazitundika kwenye kamba kwa mpangilio wa namba, na hapo chini ya beseni ikabaki moja.

Akaitoa. Upande wa kushoto ulikuwa safi, kiraka cheupe, hakina hata tone. Upande wa kulia, kutoka bega mpaka kiunoni, palikuwa na tope jekundu lililoshika mpaka kwenye nyuzi.

Akaitandaza juu ya jiwe. Akachukua brashi, akasugua. Rangi ikapungua kidogo, ikabaki. Akaongeza sabuni, akasugua. Nyuma yake maji yalikuwa yamejaa ndoo, yanafurika, yanatiririka kuelekea golini, na hakukuwa na mtu wa kumpigia kelele.